Hesabu ya Paa la Mdogo Wangu

Miaka kumi na moja nimesimama nyuma ya kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi hapa Voi, na kazi ninayojulikana nayo si kuuza. Kuuza kila mtu anaweza. Mimi najulikana kwa kupiga hesabu ya paa. Mtu anakuja na karatasi iliyokunjwa mara nne, jasho la mfukoni limeshafuta nusu ya namba, anasema nyumba yake ni vyumba vitatu na sebule, anataka kujua ataiezeka kwa mabati mangapi. Wengine hawana hata hiyo karatasi. Wamepima kwa hatua, na hatua ya mtu wa Rukanga si hatua ya mtu wa Mwanda. Niliwahi kumtembeza mteja mmoja mbele ya duka, kutoka mlangoni hadi kwa mshona viatu na kurudi, ndipo nikajua mguu wake una urefu gani na nyumba yake ina ukubwa gani.

Huwa nauliza maswali matatu. Paa ni la kumwaga maji pande mbili au pande nne? Upepo wa kwako unatoka wapi? Na fundi wako ni nani? Watu hushangaa hilo la tatu, lakini ndilo kubwa kuliko yote, kwa sababu kuna mafundi hapa mjini wanaokata bati kama wanakata sukuma wiki.

Nikishajibiwa, napiga hesabu na kuandika orodha: mabati, kofia za mgongo, mbao, misumari. Halafu mstari wa mwisho kabisa naandika neno moja, ziada. Mabati mawili ya ziada kwa paa la kawaida, matatu kwa paa la pande nne. Nilifunzwa na marehemu baba, aliyekuwa seremala, na ambaye alinifundisha kuhesabu paa kabla sijajua kuhesabu kitu kingine chochote cha maana. Alikuwa akisema anaweka ziada kwa sababu hajawahi kuona paa lililokwenda kama lilivyochorwa. Bati moja litapindwa na pikapu njiani, jingine litakatwa vibaya, jingine upepo utalibeba likatue kwenye shamba la jirani. Wateja hudhani ni ujanja wa duka. Nimegombana nao juu ya mabati mawili ya ziada mpaka wakayachukua ili tu ninyamaze, na wengi walirudi baadaye kunishukuru.

Nyumba yangu mwenyewe iko kwenye daftari. Nimepanga vyumba viwili nyuma ya stendi, na chini ya godoro nina daftari la mraba ambalo nimechora humo nyumba moja tu, mara nyingi. Paa la pande nne, mabati ya rangi ya damu ya mzee, baraza mbele la kutosha viti vinne na ndoo ya maharage ya kumenya. Kila Januari naipiga hesabu upya. Mtoto wa tatu alipozaliwa niliongeza chumba, mkubwa alipokwenda chuo nikakiondoa, nikakirudisha. Idadi ya mabati imepanda na kushuka kwa miaka yote hiyo, lakini mstari wa chini haujawahi kubadilika. Ziada, matatu.

Hata mahali nilikuwa nimepachagua. Nyumbani kwetu ni Mbololo, na juu kidogo ya nyumba ya mama kuna kipande tambarare ambapo ukisimama asubuhi unaona bonde lote mpaka vilima vya Sagalla. Nilikichagua kimoyomoyo nikiwa bado msichana. Sikumwambia mtu. Sijui kwa nini nilifikiri ardhi ingejua yenyewe.

Mdogo wangu ni mwalimu wa sekondari huko Taveta. Tumepishana miaka tisa na tumezaliwa wawili tu. Nilimbeba mgongoni nikiteka maji, nilimtoa funza miguuni, na wakati wa mazoezi yake ya ualimu alilala sebuleni kwangu Voi muhula mzima, akala chakula changu na kusoma kila kitu kilichoandikwa humo ndani, hata karatasi za kufungia sukari. Mwaka jana alichukua mkopo wa chama cha walimu, akamwomba mama kile kipande tambarare, na mama akampa siku hiyo hiyo. Mwezi wa pili akachimba msingi. Mwezi wa tisa kuta zilikuwa zimefika juu ya madirisha.

Niseme wazi kwamba niliona wivu. Sizungumzii ule wivu mdogo wa kuona kiatu kizuri. Huu ulilala na mimi na kuamka na mimi. Niliyaonea wivu mawe yake, lundo lake la mchanga, tangi lake jeusi la maji lililokuwa bado halina kazi. Alikuwa akinitumia picha kwa simu kila Jumapili, nami nikajibu kidole gumba na maneno hongera sana mdogo wangu, kisha nikaikuza picha kwa vidole viwili nikitafuta ufa. Nilitafuta kona kwa kona. Nilipokosa ufa nilifunika simu na kwenda kuosha vyombo kwa kelele.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba nyumba ilikuwa yangu. Paa la pande nne, baraza mbele, na aliponiuliza rangi ya mabati alikwisha kuamua, damu ya mzee. Labda alikuwa ameona daftari langu ule muhula wa sebuleni. Labda hakukumbuka alikoiona. Nyumba za namna hiyo ni nyingi barabara nzima ya Wundanyi, kwa hiyo sikuwa na kesi. Hakuna alichoniibia, na hilo lilifanya wivu uwe mbaya zaidi, maana mtu aliyekuibia unaweza kumshtaki.

Na nyumba ile haikuwa ya anasa. Mama anakaa chini ya mabati ambayo baba aliyapigilia kabla mdogo wangu hajazaliwa. Yameliwa na kutu mpaka mchana ukiwa ndani unaona vitone vya jua sakafuni. Mvua ikinyesha mama anapanga sufuria anakojua maji yatashukia, na kifua chake si cha kulala kwenye unyevu. Mdogo wangu alimwahidi kwamba vuli hii haitamkuta humo. Atahamia nyumba mpya hata kabla ya plasta, mradi paa liwe juu. Kwa hiyo hesabu ya paa ilikuwa na kifua cha mama ndani yake, na sote watatu tulijua.

Aliniomba baada ya kanisa, tukiwa kwa mama tunakula kimanga, muhogo na maharage yaliyopondwa pamoja. Hakuomba kwa mzunguko.

“Dada, paa ni lako. Sitaki lihesabiwe na mtu mwingine.”

Mama alifurahi kuliko sisi wote. Alisema baba yenu angekuwapo angekaa kimya kwa furaha, na kweli baba alikuwa hivyo, furaha ilimnyamazisha.

Jumamosi iliyofuata nilipanda Mbololo na futi yangu ya kupimia. Nilipima ukuta kwa ukuta, nikapima kutokeza kwa paa nje ya kuta, nikamuuliza fundi atainua mgongo kiasi gani, nikapima tena. Fundi alikuwa Mkamba mmoja mcheshi kutoka upande wa Mtito, ninayemjua miaka mingi kwa sababu hununua misumari kwetu. Ni fundi mzuri. Kasoro yake ni kwamba anazungumza huku anakata, na anapofika kwenye utamu wa hadithi hutazama uso wako badala ya bati. Kwa mteja mwingine yeyote mwenye fundi huyo, ningeweka mabati manne ya ziada na kumwonya.

Jumatatu asubuhi, kabla wateja hawajajaa, niliipiga hesabu kwenye kaunta. Sijawahi kupiga hesabu safi kama ile. Paa la pande nne lina ufundi wake, kwa sababu pembeni bati linakatwa mshazari. Ukilikata vizuri, kipande cha chini kinakaa upande mmoja wa nyumba na kile cha juu ukikizungusha kinakaa upande wa pili, hakipotei hata kiganja. Nilihesabu kila kipande na mahali pake. Mabati arobaini na manane. Nikaandika kofia, nikaandika mbao, nikaandika misumari yenye mpira. Nikafika mstari wa mwisho.

Mkono ulisimama. Nakumbuka mteja aliingia akauliza bei ya bawaba na sikumsikia mpaka alipogonga kaunta. Nilijiambia huyu ni mwalimu, anajua hesabu, ataniuliza kwa nini nampotezea pesa. Nilijiambia hesabu ni sawa, hata mhandisi akija atapata arobaini na manane. Yote hayo yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa sababu. Sababu ni kwamba nilitaka apungukiwe. Sikutaka nyumba ianguke, Mungu ni shahidi. Nilitaka kitu kidogo kimkwamishe, aone kwamba nyumba haijengwi kama anavyopanga ratiba ya vipindi, anipigie simu na sauti ya mtu aliyekwama. Nikapiga mstari chini ya neno misumari, nikautia wino mara mbili.

Alipita dukani jioni kuchukua karatasi. Aliisoma yote amesimama, kama anavyosoma kila kitu. Alipofika chini aliigeuza, akatazama nyuma, ambako hakukuwa na kitu. Akanitazama.

“Ni hayo tu?”

Nikamwambia ni hayo tu. Akaikunja, akaiweka kwenye mkoba, akanishukuru na kuniachia parachichi mbili alizotoka nazo Taveta. Nilizila usiku ule kwa chumvi. Zilikuwa nzuri, na hata hilo liliniudhi.

Simu ilikuja Alhamisi ya wiki ya pili, saa nane mchana. Mabati yamepungua mawili. Fundi alikuwa akimsimulia msaidizi wake habari za harusi moja ya Kibwezi, akakata mabati mawili kwa mshazari wa kinyume. Mabati ya rangi yana uso mmoja tu, chini ni ya kijivu, kwa hiyo vile vipande visingekaa mahali popote mpaka vilazwe kifudifudi, na hakuna mtu anayetaka paa la damu ya mzee lenye viraka vya kijivu. Mdogo wangu alinieleza yote hayo kwa utulivu. Sauti yake haikuwa na ule mkwamo nilioutamani.

Naandika hili kwa aibu, lakini kitu cha kwanza nilichosikia kilikuwa utamu. Ulinipita kifuani kama uji wa moto. Ulidumu muda wa kufunga simu tu, kisha nikaenda nyuma ghalani kutafuta mabati mawili, na hapo utamu ukaisha. Rangi ile ilikuwa imekwisha. Mzigo mwingine ungechukua karibu wiki tatu kufika, na mtu yeyote wa biashara hii anajua mzigo mpya haufanani na wa zamani. Utaitwa damu ya mzee na utakuwa mwekundu kidogo zaidi, au mweusi kidogo zaidi.

Vuli haikungoja mzigo. Ilianza Jumamosi, mvua ile ya kwanza inayoshuka na vumbi la miezi yote. Pengo la paa lilikuwa juu ya chumba kilichotengwa kwa ajili ya mama, na humo ndimo walimohifadhi saruji ya plasta. Walifunika kwa turubai, upepo ukalivua. Asubuhi mifuko ilikuwa imeganda kama mawe ya mto. Mama aliyekuwa ahamie siku hiyo alibaki kwenye nyumba yake na sufuria zake, siku tatu, na ya nne akaanza kukohoa. Ya tano mdogo wangu aliomba ruhusa shuleni, akampeleka zahanati. Akapewa dawa na kuambiwa asilale penye unyevu. Daktari alisema hivyo kama vile ni jambo la kuchagua.

Nilimwona mama Jumapili. Alikuwa amekaa kitandani na leso mbili mabegani, na kila akikohoa mkono wake ulishika ubao wa kitanda. Nilikoroga uji, nikapangusa sakafu, nikahamisha sufuria, nikafanya kila kazi niliyoiona na nyingine ambazo hazikuwapo. Mama alinifuata kwa macho. Mwishowe akasema Jumamosi inayokuja tuje sote wawili, na fundi awepo, anataka tutase.

Hapa inabidi nieleze. Sisi Wadawida, yaani Wataita, tangu zamani tunaamini kwamba kinyongo cha ndugu hakikai ndani ya ndugu tu. Kinatoka chenyewe, kinamwangukia mtoto, mbuzi, mahindi, nyumba. Huhitaji kumfanyia mtu ubaya, kumnyamazia tu kunatosha. Dawa yake ni kutasa. Watu wa jamaa wanakutana, kila mmoja anatia kinywaji mdomoni, anapuliza nje na kusema kilichokuwa moyoni kimetoka, na anayemtakia heri anamtaja. Zamani ilikuwa pombe ya miwa. Mama ni mtu wa kanisa, anakaa kiti cha mbele na kitambaa cha chama cha akina mama kichwani, kwa hiyo yeye hutumia maji. Pasta anajua na huwa hasemi kitu.

Jumamosi tulisimama kwenye baraza la nyumba mpya, mama, mdogo wangu, fundi na mimi. Mvua ilikuwa imekata na bonde lilikuwa limeoshwa mpaka Sagalla ikaonekana karibu. Mama alikuja na fimbo na kikombe cha bati cheupe chenye mdomo wa buluu, kile alichotunyweshea dawa za minyoo sote wawili. Fundi alikuwa na haya ya mtu aliyeitwa kesi ya wengine. Alivua kofia akasema mama, mimi ndiye niliyekata vibaya, sina kinyongo na mtu, nina mdomo mrefu tu, haina haja ya maji. Mama akamwambia ayatie mdomoni hata hivyo. Akapuliza kwa nguvu mpaka akajilowesha kiatu, na tukacheka.

Mdogo wangu alifuata. Alipuliza polepole, akasema anamtakia dada yake na mama yake amani ndani ya nyumba hii. Maneno yalikuwa machache na sikuona mahali pa kuyashika.

Ikawa zamu yangu. Na kusema kweli nilikuwa salama. Fundi alikuwa amejitwisha kosa lote kwa hiari yake. Hesabu yangu ilikuwa sawa, karatasi ipo. Nilichukua kikombe, nikatia maji mdomoni, na nilikuwa nimeshapanga nitakachosema, kwamba sina neno na ndugu yangu. Nikavuta pumzi ya puani ili nipulize, na koo likafanya lake. Maji yakashuka. Niliyasikia yakipita yote, baridi, hadi tumboni, na mdomo ukabaki mkavu.

Mdogo wangu alikuwa anatazama bonde. Fundi alikuwa anafuta kiatu. Mama aliona. Alichukua kikombe mkononi mwangu, akainama kwa shida kwenye ndoo, akakohoa, akakijaza tena, akanirudishia.

“Umemeza. Sema kwanza, halafu upulize.”

Nilisema. Nilitaka nianze mbali, na baba, na daftari, na miaka ya kaunta, lakini kifua cha mama kilikuwa kinasikika na haikuwa haki kumsimamisha muda mrefu. Nikasema sikuweka ziada. Nikasema kila mteja namwekea, hata nisiyempenda, na mdogo wangu sikumwekea, na sikusahau. Nikasema nilimwonea wivu wa nyumba hii tangu siku ya msingi, na nilitaka apungukiwe, na amepungukiwa.

Fundi, kwa wema wake, akaingilia kusema lakini hesabu ilikuwa sawa kabisa, arobaini na manane ni arobaini na manane.

Mdogo wangu aligeuka.

“Najua, dada. Niliona siku ile ile dukani. Kwa daftari lako uliandika matatu, kila ukurasa. Kwangu hukuandika hata moja.”

Nilimuuliza kwa nini hakununua mwenyewe, ikiwa alijua. Angeweza kusema tu neno moja pale kaunta.

“Nilitaka uniongezee wewe. Nilingoja unipigie. Hata siku ya kupakia mabati nilingoja.”

Sasa akalia, mdogo wangu asiyelia, aliyetolewa funza kumi bila kutoa sauti. Alisema daftari ndilo lililomfanya ajenge. Alilisoma ule muhula akiwa sebuleni kwangu, akadhani nitafurahi kuiona imesimama. Nilimwambia sikufurahi. Nilimwambia ningefurahi kama angeniuliza. Akasema aliogopa nikikataa hangekuwa na nyumba nyingine anayoijua. Hapo wote wawili tulikuwa tumesema zaidi ya tuliyokuja kusema, na mama akagonga fimbo sakafuni. Nikatia maji mdomoni na safari hii yalitoka. Yalifika mpaka kwenye ngazi.

Mzigo mpya ulikuja Jumanne. Nilipanda nao mwenyewe kwenye pikapu, nimekaa nyuma nikiyashika kwa mikono ili yasipindwe. Rangi haikufanana. Fundi alipendekeza abandue mabati mawili ya nyuma ya nyumba, ayalete mbele, na yale mapya yaende nyuma ambako hakuna mtu wa kuyaona. Mdogo wangu akakataa, akasema asiongeze matundu ya misumari kwa ajili ya macho ya watu. Kwa hiyo yako mbele, juu ya dirisha la mama, mawili, mekundu kidogo kuliko wenzake. Ukitokea chini barabarani unaanza kuyaona ukifika kisimani. Mama alihamia siku iliyofuata na sufuria zake zikarudi kupika. Kifua kilichukua mwezi mzima kutulia, na kwa mwezi huo kila nilipomsikia akikohoa nilihesabu.

Wivu haukuisha. Ningependa kuandika kwamba ulitoka na yale maji, na mama anaamini hivyo, nami simbishii. Lakini nikikaa kwenye lile baraza Jumapili, kwenye kiti kimoja kati ya vinne, bado kuna kitu kinanikuna. Tofauti ni kwamba sasa nakisema. Namwambia mdogo wangu kiti hiki nilikichora mimi, naye ananiambia basi menya maharage.

Mwezi uliopita mama alinituma kwenye nyumba yake ya zamani, ambayo sasa ni ghala, nikamletee ungo. Nyuma ya mlango, palipo pakavu kuliko kwingine, kulikuwa na kitu kirefu kimefungwa kwa nailoni, kimelazwa juu ya vipande vya mbao kisiguse udongo. Nilifungua pembeni. Mabati matatu, mapya, rangi ya ule mzigo wa pili. Nilijua ni ya mzigo ule kwa sababu ni mimi niliyeupokea ghalani, na nikakumbuka siku ile mwenye duka alisema mdogo wangu amelipia matano. Nilidhani mdogo wangu amekosea kuhesabu, nikafurahi kidogo. Kumbe yale matatu alipelekewa na gari jingine kesho yake, nikiwa kwenye kaunta.

Juu ya nailoni aliandika kwa chokaa, kwa mwandiko ule wa ubaoni, maneno matatu. Ziada ya Dada.

Nilirudi kwa mama bila ungo. Akasema aliambiwa asiseme mpaka niyaone mwenyewe. Nyumba yangu bado iko chini ya godoro, haina msingi, haina hata jiwe moja, na tayari mabati yake ya ziada yapo. Nilikaa kwenye kiti changu, nikatazama Sagalla, na nilichokisikia kabla ya shukrani, kabla ya machozi, kilikuwa kile kile cha siku zote. Nilimwonea wivu kwamba ni yeye aliyefikiria kuyaweka.